Ukurasa wa Ng'ambo

Intaneti ilipofika Ujiji, wengi walidhani ni mambo ya vijana na picha za wacheza mpira. Feliksi Ndikumana aliona kingine. Aliona mahali ambapo mtu aliyeko Kalemie na mtu aliyeko Lusaka wanaweza kusoma jina lilelile siku ileile, bila kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi na bila kumnyenyekea askari yeyote. Akakaa kwenye kompyuta ya Nikodemu, kijana wa Kiha mwenye duka la intaneti pale karibu na soko, akatafuta kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikigawa kurasa za bure, akajitengenezea wake. Aliuita Ng'ambo.

Kwao Rumonge, ng'ambo ya mpaka, alikuwa karani wa kupiga chapa. Huku Bangwe, Kigoma, alikuwa anashona nyavu za watu, lakini vidole vyake havikuwa vimesahau kazi ya kwanza. Kila Jumamosi alikuja na majina aliyoyakusanya: fulani, mtoto wa fulani, alionekana mara ya mwisho mahali fulani, anatafutwa na mama yake. Chini kabisa kulikuwa na kitabu cha wageni, mtu yeyote aandike anachotaka. Na juu ya majina yote, mstari wa kwanza, lilikaa jina la Caritas, mke wake.

Vita vilipowakuta, Feliksi alitangulia kwa miguu na mama yake, bibi ambaye hakuwa tayari kupanda boti hata kwa mtutu wa bunduki, wakavukia mpakani Manyovu. Caritas alibaki nyuma na mizigo, aje kwa boti ya ziwani. Walikubaliana wakutane Kigoma. Basi mama akafika, akaugua, akazikwa, na Caritas hajafika. Miaka ikapita. Majirani wa Bangwe walishamshauri aweke matanga, alie yaishe, aoe. Feliksi aliwajibu kwa adabu, akarudi chumbani kwake, akasonga ugali wa mtu mmoja na kuula akiwa amesimama, maana kukaa peke yake mbele ya sahani ndiko kulikomshinda.

Ukurasa ulishika kasi kuliko alivyotarajia. Watu waliibeba anwani yake kichwani, kwa sababu karatasi hulowa na mtu hunyang'anywa. Mtu aliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala la chakula kambini. Madereva wa maroli waliipeleka mpaka Zambia. Mama mmoja wa Mwandiga alimpata mwanawe kwa njia hiyo, akaja dukani kwa Nikodemu akapiga vigelegele hadi wauza dagaa wakaja kuuliza kuna harusi gani. Feliksi alifurahi naye kwa moyo wote. Kisha akarudi nyumbani.

Ndipo alipokuja mama Rozalia kutoka Ilagala. Mtu mzima, hajui kusoma wala kuandika, na hakuja kumtafuta mtu. Alikuja kusema. Alisema kwa Kirundi, polepole, na Feliksi akaandika: kwamba boti ya kampuni kubwa ya mizigo iliwapakia usiku wakikimbia vita, wamelipa wote, kwamba taa za doria zilipoonekana, mabaharia waliwaamuru warukie majini, kwamba waliosita walisukumwa. Kwamba mwanawe Ngendakumana alikuwa amemshika mkono, halafu hakuwa amemshika. Yeye aliponea kwenye dumu tupu mpaka wavuvi wa Ilagala wakamwokota.

"Jina la kampuni liandike," alisema. "Na langu uliandike lote. Wao wana jina, na mimi ninalo."

Feliksi akaandika. Kisha akamuuliza kama ndani ya boti ile hakumwona mwanamke mrefu mwenye mwanya, anayependa kuimba. Rozalia akatikisa kichwa. Kulikuwa na giza, alisema, hata mwanawe alimjua kwa mkono tu.

Jina la kampuni ile ukurasa ulilitaja. Mimi hapa silitaji, wao wana mawakili na mimi sina hata mmoja. Na mawakili hao hawakulala. Jumamosi iliyofuata Feliksi alifungua Ng'ambo akakuta tangazo la viatu vya michezo. Majina yote hayapo. Kwenye barua pepe yake palikuwa na ujumbe wa Kiingereza laini kabisa: kampuni ya mizigo imelalamika kuwa imekashifiwa, masharti ya kurasa za bure yanaruhusu kufunga ukurasa wowote, wakati wowote, akiyaondoa maandishi yale, ukurasa wake utarudi. Hakuna aliyeuliza kama maneno yale ni ya kweli au ya uongo. Mwishoni walimtakia siku njema. Watu hawa bwana, wanakukaba koo na salamu wanakupa.

Nikodemu alisoma ujumbe ule akasonya. "Kaka Feliksi, ile mashine yangu ya chumba cha nyuma unaiona? Programu zake ni huria. Zimeandikwa na watu wakazitoa kwa kila mtu, unazifungua, unaziona zilivyo ndani, unazibadili utakavyo. Tuweke majina yote mle, na maneno ya mama. Nani atatufukuza?"

"Anwani itakuwa ileile?"

Nikodemu akakuna kidevu. "Anwani ni ya kwao, kaka. Ile hatuwezi kuichukua."

"Basi mtu atafikaje?"

Alisema mtu, lakini Nikodemu alijua ni mtu gani. Feliksi akaweka mkono kwenye kipanya. Alijiambia kwamba majina ni mengi na maneno ya Rozalia ni maneno ya mtu mmoja, kwamba si haki mama wa watu wakose wana wao kwa ajili ya boti moja. Alijiambia hivyo, lakini moyoni alikuwa na jina moja tu. Akayafuta maneno ya Rozalia. Kesho yake Ng'ambo ilirudi, na Caritas juu yake.

Siku ya gulio mama Rozalia akaja. Alitoa viatu mlangoni kama anaingia kanisani, akaketi karibu na Feliksi, akafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Nisomee," alisema. "Nataka nisikie yalivyokaa."

Angalia sasa mtu anavyojitumbukiza shimoni. Feliksi angeweza kusema mtambo umeharibika, maana huharibika kila siku. Badala yake alikodolea macho orodha ya majina ya watu wengine, akaanza kusoma. Boti. Taa. Mkono. Aliyakumbuka yote, kwa kuwa alikuwa ameyaandika kwa vidole vyake, na aliyasoma bila kukwama mpaka jina kamili la mama mwishoni. Rozalia alisikiliza amefumba macho. Alipoondoka alimshukuru, na Nikodemu, aliyekuwa nyuma yao muda wote, alikwenda nje kuangalia jenereta ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Haukupita mwezi, ujumbe ukaingia kwenye kitabu cha wageni. Hauna jina, hauna anwani.

"Naandika kutoka Kalemie. Nilisoma hapa maneno ya yule mama wa boti. Na mimi nilikuwa ndani yake. Tuko kadhaa tuliotoka majini upande huu wa Kongo, wanawake kwa wanaume, tuko hai. Siku ile dakika zangu ziliniishia kabla sijaandika. Leo nimerudi, maneno siyaoni. Kama mmemfuta yeye, na mimi mtanifuta. Basi sitataja mtu. Kwaherini."

Wanawake kwa wanaume, tuko hai. Feliksi aliyasoma mpaka herufi zikaanza kucheza mbele ya macho. Huenda Caritas alikuwamo. Huenda hakuwamo, huenda alipanda boti nyingine kabisa au hakupanda yoyote. Mtu wa kumwambia alikuwa amekuja mpaka mlangoni, akaondoka, na aliyemfukuza ni yeye. Alilia pale pale mbele ya wateja, na hakujali.

Kesho yake alikwenda Ilagala. Mama Rozalia alikuwa anaanika dagaa. Feliksi alimwamkia, akamweleza yote kwa Kirundi bila kujipamba: aliyafuta, na siku ile alimsomea kutoka kichwani.

Rozalia aliendelea kutandaza dagaa.

"Ulisoma vizuri sana," alisema. "Rudisha."

Akarudisha. Aliyaweka juu kabisa, mstari wa kwanza, na jina la Caritas likashuka chini yake. Juu ya hayo aliandika kwa herufi kubwa anwani mpya ya mashine ya Nikodemu, na maneno haya: wewe wa Kalemie, wakifunga hapa, tuko huku, hatufuti mtu. Alijua watafunga. Alikaa dukani tangu asubuhi akifungua na kufungua tena, akiomba tu wachelewe. Walichelewa mpaka siku ya pili saa za adhuhuri. Kisha vikaja viatu vya michezo, na safari hii hakukuwa na barua wala siku njema.

Ng'ambo mpya ilikaa kwenye chumba cha nyuma, karibu na madebe ya mafuta ya jenereta. Majina yote yalikuwamo, na maneno ya Rozalia, neno kwa neno. Pembeni Nikodemu aliweka kijisanduku cha kuhesabu wageni, ili kila aingiaye aone wangapi wamepita. Namba ilikuwa inapanda. Feliksi akaja kila jioni baada ya nyavu, akaiona imepanda, akaenda nyumbani na kula ameketi.

Nikodemu aliona vibaya kumwacha hivyo. "Kaka, usinichukie," alimwambia siku moja. "Namba hiyo ni wewe. Kila ukifungua inakuhesabu." Akafungua programu, akamwonyesha mistari inayofanya kazi hiyo, akaongeza mstari wake: kompyuta za duka hili zisihesabiwe. Namba ikaanza upya kwenye sifuri.

Wiki ikaisha, sifuri. Wiki nyingine ikaisha, sifuri. Watu wa Lusaka, wa kambini, wa Kalemie, wote walikuwa wanaijua anwani moja tu vichwani mwao, nayo ilikuwa inauza viatu.

Feliksi alivuta kiti karibu na Nikodemu.

"Ule mstari ulioongeza, unaweza kuutoa?"

"Naweza. Lakini kaka, utakuwa unajidanganya."

"Sijidanganyi. Ninajua ni mimi." Alikuwa anakitazama kijisanduku. "Ila yule akifika akakuta sifuri, ataona humu hamna mtu, ataondoka tena. Nihesabu."

Nikodemu akautoa ule mstari. Feliksi akafungua ukurasa, wakasubiri mpaka umalize kupakia, namba ikawa moja.