Mlango wa Stoo

Mlango ulikuja asubuhi, wakati mshona mapazia akitia uzi kwenye sindano ya cherehani. Ulisimama ukutani kati ya meza ya kupigia pasi na dirisha: mlango wa mbao, rangi ya kijani imebanduka, komeo upande wa nje. Tajiri wake aliutazama, akauliza kama utakaa sana. Mshonaji akasema hajui, huwa unakuja na kuondoka wenyewe. Basi tajiri akautundikia sampuli za vitambaa, maana karakana ilikuwa finyu na wateja walikuwa njiani.

Ulikuwa mlango wa stoo ya nyumba waliyokulia yeye na kaka yake. Ulikuwa ukimfuata tangu utotoni, na siku ya harusi yake ulisimama karibu na keki, picha zikatoka nao hivyo hivyo. Kila mtu aliuona. Kugonga alikusikia yeye peke yake, kugonga kwa kiganja, polepole, kwa mtu anayetafuta pumzi. Mumewe alivumilia wee, mwisho akasema hawezi kulala na mtu anayeshtukashtuka, akaenda zake. Mshonaji hakumlaumu. Kila kulipogongwa, mikono ilimfa ganzi. Aliogopa, na hakuna namna nyingine ya kulisema.

Nyuma ya mlango alikuwa mama yao. Baba alimfungia stoo kwa sababu chakula kilichelewa, akawaambia watoto, "Msifungue," kisha akaketi kusikiliza redio. Mama alikuwa na pumu. Kaka na dada walisimama pale wakiangalia komeo ambalo walilifikia vizuri tu, mpaka kugonga kukaisha.

Kaka mtu, ambaye sasa ni dereva wa lori, aliyakumbuka hayo jinsi mtu anavyokumbuka barabara aliyopita mwaka juzi. "Mama alikufa kwa pumu," husema, halafu huomba chumvi. Akija kumtembelea dada yake, huegemea mlango huo huo akichokonoa meno.

Mshonaji alipokwenda hospitali kwa ajili ya hofu hiyo, daktari aliwapima damu wote wawili. "Ninyi ni wa tumbo moja, lakini kila mmoja alichota vyake kwa wazazi," alimwambia mshonaji. "Kuna kipande kidogo sana cha urithi kinachochangia jinsi ubongo unavyoishika hofu. Kwa kaka yako tukio limebaki, hofu yake ikapoa. Kwako haipoi."

"Na huo je?" mshonaji aliuliza, akiuonyesha mlango uliosimama kando ya mizani.

Daktari aliinuka, akajaribu bawaba, akasema ziko imara. "Tumpime na mtoto?"

"Hapana," alisema mshonaji, akamvuta binti yake mkono wakatoka. Binti huyo walimwita Chiriku kwa jinsi asivyojua kufunga mdomo. Aliongea na paka, aliongea na ndoo, lakini kuhusu kugonga hakuwahi kusema lolote. Mama yake alimwomba Mungu ibaki hivyo. Mengine yote alishayaachilia.

Kisha kaka akapiga simu. Baba, aliyekuwa akiishi kwake, amechoka na ngazi hazipandi tena, alisema; sasa akae kwa dada.

"Kaka, mimi namwogopa."

"Unamwogopa mzee anayelishwa kwa kijiko? Hata jina lake halikumbuki. Dada, acha utoto."

Alimleta Jumamosi mchana, akamketisha kwenye kochi, akamfunika miguu blanketi. Mzee alifumba macho. Mlango ulikuwa umeshafika, umesimama karibu na kabati la vyombo. Kaka akajimiminia chai. Chiriku alikuwa katikati ya hadithi ndefu ya paka aliponyamaza ghafla.

"Mama, nani anagonga?"

Mshonaji alimgeukia mtoto.

"Hakuna anayegonga, we mtoto," alisema mjomba wake.

"Yuko humu. Hapumui vizuri."

Chiriku akaenda kulishika komeo. Mama yake alimfuata, akaweka mkono juu ya mkono wa mtoto. Chuma kilikuwa cha baridi. Alitaka kufungua. Akifungua leo, alijiambia, mtoto hatabeba kitu.

"Msifungue," alisema baba.

Macho yalikuwa yamefumbwa bado. Sauti ilikuwa ile ile ya siku ile, nzito, haina haraka.

Kaka akaacha kukoroga chai. "Umesikia?" alisema kwa furaha. "Leo ameongea!"

Mkono wa mshonaji ulishuka. Alijaribu kuupandisha, haukupanda. Mkono wa Chiriku ukashuka nao. Wakasimama pale wawili, wakiliangalia komeo, mpaka kugonga kukaisha.

Kabla ya kuondoka, kaka alilisogeza kochi la baba likaegemea mlango, kwa sababu upande ule haukuwa na upepo. Chiriku hakusema neno tena siku ile, wala Jumapili.

Jumatatu mwalimu wake alipiga simu. Alisema kuna mlango wa kijani umesimama darasani, nyuma ya dawati la Chiriku. Haukuwa tatizo, watoto walikuwa wameshautundikia mabegi. Alitaka tu kujua kama utakaa sana.