Darasa la Kimya la Jumanne

Kiwandani walimwita Filimbi, na jina hilo lilimganda hata baada ya kustaafu. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nguo. Ndani ya ukumbi wa mashine za kufuma hakuna binadamu anayeweza kusikika, kwa hiyo yeye alitembea na filimbi shingoni. Akiipuliza, watu wanageuka. Akinyoosha kidole, wanaelewa. Humo humo ndimo alimomwona mfumaji mmoja mwenye kicheko kisichosikika, wakaoana, wakapata mabinti wawili kwa mkupuo. Tangu hapo yeye akawa Baba Pacha na mkewe akawa Mama Pacha.

Kustaafu kulimchanganya. Aliamka alfajiri ya zamu, akavaa viatu, halafu akakaa kitandani akijiuliza aende wapi. Akafuga masharubu, makubwa, yaliyofunika mdomo wote wa juu na kuanza kuushukia wa chini. Akapanga sufuria upya kwa kufuata ukubwa. Akafungua pasi iliyokuwa nzima, akaitengeneza mpaka ikaharibika.

Mkewe hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Zamani Mama Pacha alikuwa na maneno. Sasa Filimbi akimwita kutoka uani, kimya. Akiongea huku amempa mgongo, kimya. Siku nyingine anajibu kitu ambacho hakuulizwa.

"Chai ipo?"

"Kesho labda, jua likiwaka."

Kitu pekee alichokisema mara kwa mara kilikuwa kuhusu masharubu. "Yanyoe hayo, mume wangu. Yananiudhi." Filimbi alijiambia: huyu mwanamke amenichoka, hata uso wangu hautaki. Akaona asijipendekeze. Naye akapunguza maneno, na nyumba yao ikawa kama ofisi ya watu wawili walionuniana.

Jumapili moja binti yao muuguzi alikuja kuwatembelea. Akamkuta baba yake amepiga magoti sebuleni, vipande vya pasi vimetapakaa kwenye gazeti.

"Baba, hiyo pasi ilikuwa na tatizo gani?"

"Ndicho ninachokitafuta."

Binti akavuta pumzi. "Chuo kile cha karibu na kituo cha mafuta kina madarasa ya wastaafu. Nimeshakuandikisha. Kompyuta."

"Kompyuta nikaifanyie nini?"

"Utatazama mpira."

"Mpira nautazama kwa jirani."

"Jirani amenipigia simu, baba."

Filimbi akakohoa, akaokota skrubu ambayo haikuhitaji kuokotwa. Binti akamweleza: Jumanne saa nne asubuhi, ukiingia langoni unafuata korido hadi mwisho, chumba cha mkono wa kushoto. Jumanne ilimfaa. Siku hiyo Mama Pacha huenda kwa mdogo wake kushona mapazia, na nyumba tupu ilikuwa inamshinda.

Jumanne ilipofika akavaa shati la mikono mirefu, akaenda. Kosa alilolifanya ni la mtu aliyezoea kiwanda: alipita geti la nyuma, kule yanakoingia magari ya mizigo, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kuingia kazini kwa mlango wa mbele. Akafuata korido hadi mwisho, akashika kushoto, akafungua mlango.

Ndani mlikuwa na viti vilivyopangwa nusu duara, na wazee kama tisa hivi. Hakukuwa na kompyuta hata moja. Filimbi akadhani zitaletwa. "Habari za asubuhi," akasema. Wachache wakamtabasamia, mmoja akapunga mkono. Hakuna aliyefungua kinywa. Akaona hawa watu hawana adabu, akachagua kiti cha nyuma karibu na kabati.

Mwalimu akaingia, mwanamke kijana aliyevaa gauni la bluu. Akasimama mbele, akainua mikono, akaanza kuichezesha hewani, haraka, uso wake ukipanda na kushuka: nyusi, mashavu, midomo. Sauti hakuna. Wazee wakatikisa vichwa. Wengine wakacheka, mabega yanatikisika, na sauti hakuna.

Nimezibwa masikio, Filimbi akawaza. Yametokea sasa hivi, nikiwa nimekaa. Alikuwa amesikia habari za watu walioamka wakiwa vipofu. Kwa nini mtu asikae kitini akawa kiziwi? Akatumbukiza kidole sikioni, akakizungusha. Akameza mate. Jasho likamtoka. Akaamua kutulia ili asijiaibishe, akatikisa kichwa wengine walipotikisa, akacheka walipocheka.

Mara kiti kimoja kikaburuzwa sakafuni, kikalia kwee! Filimbi akashtuka karibu aanguke. Alisikia! Furaha ikamjaa, kisha ikamtoka, kwa sababu sasa hakujua ashike lipi. Kama masikio ni mazima, hawa watu wana nini?

Alikuwa bado anatafakari mlango ulipofunguliwa na Mama Pacha akaingia.

Alivaa kitenge chake cha kutokea. Hakutazama nyuma. Alipeleka ngumi kifuani akaizungusha, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa, na mwalimu akamjibu kwa vidole, naye akajibu tena, na wote wawili wakacheka. Mikono ya mkewe ilikuwa myepesi. Filimbi hakuwa ameiona ikicheza namna ile tangu enzi za mashine. Akahisi kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta fanicha za wengine. Mapazia yako wapi? Mdogo mtu yuko wapi? Huyu ni mke wangu au anafanana naye?

Angeweza kutoka. Lakini kabla hajaamua, mwalimu akapiga sakafu kwa kiatu, watu wakainuka na kuanza kukaa wawili wawili. Mwalimu akahesabu kwa macho, akamwona mzee wa nyuma asiye na mwenzake, akamshika mkono Mama Pacha na kumpeleka moja kwa moja hadi kwenye kabati.

Wakatazamana.

"Mama Pacha," akanong'ona Filimbi, "unafanya nini hapa?"

Mkewe akakunja uso. Akatazama masharubu. Akainua mikono, akafanya alama tatu au nne, upesi, kwa hasira au kwa hofu, Filimbi hakujua.

"Unasemaje? Ongea basi!"

Mwalimu akatokea pembeni yake, akatikisa kidole mbele ya pua yake, akagusa midomo yake mwenyewe kisha akaifunga kwa ufunguo usioonekana. Filimbi, aliyewahi kuongoza watu mia moja kwa kidole, akanywea. Ikabidi wafanye zoezi. Mkewe akamfundisha "jina lako nani", mtu aliyelala naye kitanda kimoja maisha yote. Akamfundisha "nyumba". Akamfundisha "maji". Kila alipokosea, Mama Pacha alimshika vidole akavinyoosha kimoja kimoja.

Mapumziko yalipofika akamvuta hadi kwenye korido, chini ya dirisha.

"Nani kakuleta?"

"Kompyuta," akajibu Filimbi.

"Nini?"

"Nilikuja darasa la kompyuta!"

"Simama kwenye mwanga. Shika hayo masharubu juu. Sema tena."

Akayashika masharubu kwa vidole viwili, akasema tena, na aliposema akaona macho ya mkewe hayako kwenye macho yake. Yalikuwa kwenye midomo. Hapo ndipo jambo likaanza kumwingia, polepole, kama maji kwenye nguo nzito.

"Mama Pacha, husikii?"

"Sikio la kushoto limekwisha zamani. La kulia linafuata. Daktari anasema ni zile mashine." Akakiweka sawa kitenge begani, ingawa kilikuwa kimekaa vizuri. "Kiwandani tulizoea kusomana midomo. Nikaendelea hivyo hivyo nyumbani, na wewe hukugundua. Kisha ukastaafu, ukafuga huo msitu, nikabaki gizani."

"Mimi nikadhani umenichoka."

"Na mimi nikadhani umeacha kuongea na mimi. Naona masharubu yanatikisika, sijui ni maneno au unatafuna."

Filimbi alitaka kucheka, akashindwa. "Binti yetu muuguzi anajua?"

"Ndiye aliyenileta."

"Na mdogo wako?"

"Anajua."

"Kwa hiyo wote mnajua isipokuwa mimi."

Mama Pacha akainamisha kichwa. "Ungenihurumia. Sikutaka kuhurumiwa na mtu ambaye alinipenda kwa sababu ya maneno yangu."

Filimbi aliona huruma, na alikuwa amekatazwa huruma. Aliona hasira, lakini alipotafuta wa kumrushia hakumpata. Kwa kuwa hakujua afanye nini, akaaga, akaenda upande wa pili wa jengo kulikokuwa na chumba cha kompyuta. Kijana wa huko akampokea vizuri, akamwonyesha jinsi ya kusogeza mshale kwenye kioo. Filimbi akausogeza juu, akausogeza chini, akautazama ukigonga ukingo na kukwama. Akamwuliza kijana kama kwenye mashine ile mtu anaweza kujifunza kuongea kwa mikono. Kijana akasema inawezekana. "Lakini mzee, si ni afadhali uende pale mwisho wa korido?"

Jioni akampigia simu binti yake. "Ulijua madarasa haya mawili ni siku ileile, saa ileile?"

"Baba, mimi nilikuambia chumba cha kompyuta. Aliyepita geti la nyuma ni nani?"

Hadi leo hajui kama alitegewa au alijitega.

Siku iliyofuata alisimama mbele ya kioo na wembe. Masharubu yalipoanguka kwenye beseni, mdomo wake wa juu ulionekana mweupe na mgeni, kama wa mtu mwingine. Akaenda jikoni, akamgusa mkewe bega ili ageuke, akasema, "Chai ipo?"

"Ipo," akasema Mama Pacha, na akageuka upesi kuitazama sufuria.

Jumanne wakaenda pamoja, kwa geti la mbele. Filimbi ni mwanafunzi mzito. Vidole vilivyozoea spana havikunjiki vizuri, na siku moja alipotaka kumwambia mwalimu amefurahi, darasa zima liliangua kicheko na hakuna aliyekubali kumweleza amesema nini. Wakati mwingine nyumbani anasahau, anaongea akiwa amegeukia ukuta, kisha anakasirika kwa kutojibiwa, kisha anakumbuka, na kukumbuka kunamuumiza kuliko hasira.

Juzi walibishana kuhusu dirisha. Yeye alitaka lifungwe, vumbi linaingia. Mkewe alitaka liwe wazi. Sauti ya Filimbi ilipopanda bila faida, Mama Pacha akaweka mwiko chini, akafuta mikono, akamjibu kwa alama, maneno mengi, marefu, mikono ikiruka kutoka kifuani hadi juu ya kichwa. Filimbi alishika mawili tu: "wewe" na "zamani".

"Umesemaje hapo katikati?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa anacheka.

"Ni tusi?"

Akachukua mwiko akaendelea kupika. Filimbi akabaki amesimama katikati ya jiko, akijaribu kuirudia ile alama kwa mkono wake mwenyewe, kwanza kifuani, kisha juu, asijue kama anajitukana au anajisifu, na dirisha likiwa wazi.