Rili ya Uzi Mweusi

Usiku wa jana niliota ni saa sita mchana, niko kibandani kwangu nashona sare za shule, na simu nimeifunga kwenye kifundo cha mguu kwa kipande cha lastiki.

Hiyo ya simu si ndoto. Daktari aliniambia tumbo langu, hili linalojaa hewa na kunikimbiza chooni kila nikipata wasiwasi, linataka nitembee nusu saa kila siku, simu ihesabu hatua. Nami ni fundi cherehani. Nikajiuliza, nitembee niende wapi, na mguu unakanyaga pedali kutwa? Kila jioni simu ilisoma hatua elfu kumi na moja. Daktari akanipa mkono wa pongezi. Tumbo halikunipa kitu.

Basi ndotoni cherehani ikasimama yenyewe, ikasema, "Fundi Mbaruku, unaitwa kikaoni."

"Kikao kiko wapi?"

"Ndani."

Nageuka, kibanda hakipo. Niko kwenye ujia mwekundu wenye kuta laini zinazobana na kuachia. Viumbe wadogo kama ufuta wanafunga virago: magodoro yamekunjwa, masufuria yamepigwa kamba. Mmoja mwenye miwani anagonga muhuri kwenye barua za kuhama. Ni mjumbe wao wa nyumba kumi.

"Shikamoo," nikamsalimia, maana muhuri ni muhuri.

"Marahaba. Sisi ni bakteria wa tumboni mwako. Wale wazuri. Tunahama."

"Tumekoseana nini, mzee?"

"Ukitembea, utumbo unasogea, sisi tunapata kazi, tunaongezeka, tunatuliza hizi kuta. Simu ikatuambia umetembea hatua elfu kumi na moja. Tukachungulia tuone tumefika wapi. Tuko palepale, juu ya stuli."

"Lakini mguu umecheza kutwa, mzee."

"Mguu, sawa. Wewe je?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikuwa na hata hatua moja.

"Mkihama, humu atakaa nani?"

Ananyoosha kidole mlangoni. Nje kuna foleni ndefu ya wengine, wamekaa kimya na mizigo yao. Hawana nyuso. Wa mbele ananipungia mkono kama tunajuana. Namgeukia mjumbe haraka.

"Naomba nafasi moja tu," nikasema.

Mjumbe anatoa rili ya uzi mweusi, ananifunga ncha yake kwenye kidole gumba cha mguu, rili ananikabidhi mkononi. "Simu hatuiamini tena. Tembea mpaka uzi uishe. Ukiisha, nachana barua. Ukisimama kabla, naufungua mlango."

Natembea. Uzi unajifungua nyuma yangu, ujia unakuwa barabara, barabara inakuwa varanda ya hospitali. Daktari anapita, ananipa mkono, siupokei. Nyuma yangu foleni inanifuata. Nikipunguza mwendo, wananipumulia shingoni. Jasho linanitoka. Lakini tumbo lililokuwa limewambwa kama ngoma linaanza kulegea, na maumivu yanapungua. Nachungulia rili. Imebaki mizunguko mitatu.

Mtu akaniita jina. Nikasimama ili niitike.

Alikuwa mke wangu, Mwanamvua, yuko mlangoni mwa chumba na fagio mkononi, kumekucha.

"Baba Shani, kuna uzi mweusi umezunguka nyumba nzima mpaka uani. Na mlango wa nje nimeukuta bado umefungwa na komeo lake. Ni wewe?"

Nikafunua shuka. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimefungwa uzi. Rili nilikuwa nimeishika, imebaki mizunguko mitatu.

Tumbo likanguruma taratibu, kama mtu anayejaribu kitasa.

"Usiukate huo uzi, mama," nikamwambia, nikatoka kumalizia ile mizunguko mitatu, na sikungoja kutafuta viatu.