Sentimita Mbili Chini

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Mchanga alikuwa akifufua magoti ya watu, na jina hilo la utani hakulichukia hata kidogo. Alilipata kwa sababu ya mifuko ya mchanga aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe, ya kuanzia kilo moja hadi kumi na mbili, kila mmoja na mshipi wake wa kuufunga kwenye kifundo cha mguu. Vyuma vya mazoezi vya hospitali vilishika kutu vikatupwa, mifuko ikabaki. Wagonjwa walitoka jasho, walimwita majina mengine ambayo si ya kuandika hapa, kisha wakatembea, wakarudi kumshukuru. Alikuwa amezoea kushukuriwa, na aliyezoea kushukuriwa huona shukrani kuwa ni haki yake.

Kwa hiyo binti wa mdogo wake alipoumia goti, hapakuwa na mjadala ataenda wapi. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Binti huyo ni mzimamoto. Kikosini wanamwita Ngazi, kwa kuwa hakuna anayeipanda haraka kumshinda. Siku moja aliruka kutoka kwenye gari la maji, akatua vibaya, kano ya goti ikakatika. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa kano mpya, akaja kwa mama mkubwa wake na magongo mawili na paja lililonywea. Bi Mchanga alikuwa amemlea tangu ana miaka sita, mama mtu alipokwenda kutafuta kazi mbali. Alimwambia, "Nitakusimamisha mimi mwenyewe," na alimaanisha kila neno, hasa lile neno mwenyewe.

Ngazi alikuwa na mtihani mbele yake. Kikosi kilimpangia tarehe: apande ghorofa sita akiwa na mpira wa maji begani bila kusimama njiani, la sivyo ahamishiwe mezani kupokea simu. Mwenyewe alisema afadhali auze mitumba kuliko kukaa akiandika anwani za nyumba zinazoungua huku wenzake wakizikimbilia.

Miezi mitano walihangaika na mifuko. Kila walipovuka kilo nne, goti lilijaa maji. Barafu, siku tatu za kupumzika, wakaanza tena. Paja lilitaka mzigo mzito ndipo linenepe, na goti mzigo mzito halikuutaka. Katikati ya ugomvi huo wa paja na goti ndipo alipoingia Pampu.

Pampu alikuwa tabibu mpya, kijana mpole mwenye masikio makubwa, aliyetoka masomoni na begi moja. Ndani ya begi mlikuwa na mkanda mpana wa hewa, kama ule wa kupimia presha, ila huu hufungwa juu kabisa ya paja. Alimuuliza Ngazi maswali mengi kwanza, kama amewahi kuganda damu, kama ana presha. Kisha alipampu taratibu huku akisikiliza mapigo ya damu kifundoni kwa kifaa kidogo, akatafuta kiasi ambacho mapigo hupotea, akashusha hadi sehemu tu ya kiasi hicho. Damu ikawa inaingia kidogo na kutoka kwa shida. Akamfunga mfuko wa kilo moja: inua mara thelathini, pumzika nusu dakika, inua kumi na tano, pumzika, kumi na tano, pumzika, kumi na tano. Msuli ukibanwa hivyo, alieleza, hufanya kazi kana kwamba umebeba gunia, na goti lenyewe halina habari.

"Kilo moja," alisema Bi Mchanga. "Hata bibi yangu angeinua kilo moja."

"Mlete tumfunge, mama," alijibu Pampu kwa adabu, na chumba kizima kikacheka, Ngazi akiwa wa kwanza.

Kicheko kile cha Ngazi ndicho kilichomwingia Bi Mchanga kama mwiba. Bibi yake alikuwa amekufa zamani, hakuhitaji kutetewa. Lakini binti aliyemchana nywele asubuhi za shule, akamnunulia viatu, akamfuta machozi ya kila namna, alikuwa amecheka upande wa mtu mwingine. Na baada ya zoezi lile la kwanza alimgeukia, jasho likimtiririka, akasema, "Mama mkubwa, paja linawaka moto." Mzimamoto akisema hivyo huku anatabasamu, ujue ameshatekwa.

Nyumbani hakukuwa na mazungumzo mengine. Kaka Pampu amesema wali usiukwepe. Kaka Pampu amesema nilale mapema. Bi Mchanga alikuwa amesema mambo hayohayo kwa miezi mitano, na hakuna aliyeyarudia mezani kama aya. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Alitafuna chakula chake kimyakimya, akaosha vyombo kwa kelele.

Kisha Pampu akawa na wazo kubwa zaidi. Alitaka kupeleka mikanda kikosini, wazimamoto ambao bado ni wazima wayaimarishe mapaja yao ili magoti yasije yakaumia. Mkuu wa idara, mwanamke asiyependa maneno mengi, alisema anataka namba kwanza. Paja la Ngazi lipimwe kila Ijumaa kwa wiki nane. Na anayetibu asiwe ndiye anayepima.

"Utepe atashika Bi Mchanga," alisema mkuu. "Katika jengo hili sijui utepe mwaminifu kuliko wake."

Ilikuwa kweli. Bi Mchanga hakuwahi kumwongezea mgonjwa hata nusu sentimita kwa huruma. Namna ya kupima ilikuwa moja: sentimita kumi na tano kutoka ukingo wa juu wa kilegesambwa, kile kifuniko cha goti, hapo unatia alama ya kalamu, hapo unazungusha utepe. Siku ya kwanza paja lilikuwa arobaini na sita. Wiki ya pili, arobaini na sita na nusu. Aliandika kama alivyoona, ingawa mkono haukufurahi.

Wiki ya nne aliufunga utepe, akaona arobaini na saba na zaidi kidogo. Akafungua, akafunga tena. Ilikuwa ileile. Miezi mitano ya mchanga wake haikuleta hata nusu ya hiyo.

"Imepanda, eh?" aliuliza Ngazi akiwa amelala chali. "Kaka Pampu alisema itapanda."

Kama asingelitaja jina hilo, pengine mambo yangekwenda vingine. Sisemi kumtetea. Wivu ulimshika. Aliipangusa alama kwa kidole gumba kilicholowa, akapima upya kutoka gotini, safari hii kumi na tatu badala ya kumi na tano. Paja huwa jembamba kadiri unavyoshuka; hilo hata fundi cherehani analijua. Utepe ukasema arobaini na sita, na utepe haukuwa umesema uongo. Aliyesema uongo ni kalamu.

"Imerudi arobaini na sita," alisema, akaandika.

Ngazi aliinuka kwa viwiko. "Imerudi?"

"Mwili ndivyo ulivyo, mwanangu."

Ijumaa iliyofuata alipima vilevile chini ya alama, na iliyofuata tena. Uongo wa kwanza humtaka mtu auchunge, asiuache peke yake. Paja halisi lilizidi kujaa, na kila lilipojaa alishuka kiasi kidogo tu zaidi, ili namba ikae palepale.

Alidhani Pampu ndiye atakayeumia. Pampu aliumia kweli: aliuchovya mkanda kwenye ndoo ya maji kutafuta tundu, kama fundi baiskeli, akakagua saa ya presha ya pampu mara tatu, akasoma vitabu vyake upya. Kisha alimfuata Bi Mchanga chumba cha chai, akasimama mlangoni.

"Mama, nadhani kasoro ni yangu. Ukipata nafasi, nifundishe mifuko yako."

Mtu huyo angekuwa na kiburi, kazi ingekuwa rahisi. Bi Mchanga aliona aibu, na bado moyoni alijisikia mshindi, na hayo mawili yalikaa pamoja bila kupigana.

Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Ngazi. Asubuhi moja alisimama kwenye ngazi za nyumbani, mkono ukutani.

"Unajua, nilianza kuhisi nina nguvu," alisema. "Nilikuwa napanda hizi bila kushika popote. Kumbe ni mawazo yangu tu. Utepe wako haudanganyi." Tangu siku hiyo alianza tena kushika ukuta.

Ijumaa ya wiki ya saba alikuja kwenye chumba cha mazoezi, akapita kitanda cha Pampu bila kusimama, akaketi kwenye kiti cha Bi Mchanga.

"Mama mkubwa, zimebaki wiki mbili kufika mtihani. Mambo ya mkanda basi. Nirudishe kwenye mchanga. Nifunge kilo nane."

Pampu alisikia. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukunja taulo.

Furaha ilimjia Bi Mchanga, tena kubwa, haina haja ya kufichwa hapa. Binti yake amerudi. Amepita mbele ya kijana na mkanda wake, amekuja kwake, mbele ya watu. Alichukua mfuko wa kilo sita, akasema nane ni nyingi, akaufunga kwa mikono iliyojua kazi yake.

"Taratibu," alisema. "Moja."

Kufika saba Ngazi alikuwa ameuma mdomo wa chini. Kufika tisa, kile kibonde kidogo kando ya goti kilianza kupotea, na Bi Mchanga alijua maana yake kuliko mtu yeyote mle ndani. Maji yalikuwa yanaingia.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Nimekuuliza, linauma?"

"Linauma," alisema Ngazi, "lakini nitafanyaje? Mkanda umeshindwa. Bora niumie nikijaribu kuliko kupokea simu." Akainua mara ya kumi, mguu ukitetemeka.

Bi Mchanga alitazama goti lile likivimba mbele ya macho yake. Wiki mbili tu zilibaki, na yeye ndiye aliyeufunga mfuko. Alipiga magoti, akaufungua mshipi kwa haraka hadi kucha ikakatika, mfuko ukaanguka sakafuni.

"Lala," alisema.

"Sijamaliza."

"Lala, mwanangu."

Alichukua kalamu na rula. Alipima kutoka ukingo wa kilegesambwa, kumi, kumi na tatu, akapita, kumi na tano. Akatia alama. Akazungusha utepe, akausoma, na sauti ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kazini.

"Arobaini na nane."

Ngazi aliinua kichwa. "Wiki iliyopita ilikuwa arobaini na sita."

"Wiki iliyopita ilikuwa karibu na hiyo arobaini na nane. Nilipima chini ya alama. Wiki tatu hizi nimekuwa nikipima chini."

"Ulikosea?"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Neno moja tu, ndiyo, na kila kitu kingefunikwa. Pampu alikuwa ameacha taulo, anasikiliza.

"Sikukosea," alisema Bi Mchanga. "Nilifanya makusudi. Mkanda unakufaa. Mchanga ulipowafaa watu ulikuwa unanisifu mimi, ulipokufaa mkanda ukawa unamsifu yeye. Nikaona wivu. Hakuna sababu nyingine, ningekuwa nayo ningekupa."

Ngazi hakulia wala hakupandisha sauti. Alilitazama goti lake, akalibonyeza kwa kidole pale palipovimba, kama anayehesabu siku ngapi zimepotea. Kisha alinyoosha mkono, akauchukua utepe kutoka mkononi mwa mama mkubwa wake, akageuka upande wa pili.

"Kaka Pampu, njoo unipime."

Pampu hakusogea. "Mama ameshapima. Hapo ni sahihi, nimeiona alama."

"Nimesema njoo unipime."

Alikuja. Hakumtazama Bi Mchanga usoni, kwa heshima au kwa aibu ya mtu mwingine. Alichukua rula, akaanza upya kutoka gotini kana kwamba alama haipo, akaifikia alama ileile, akazungusha utepe.

"Arobaini na nane," alisema.

Ngazi akafumba macho, akatabasamu: nguvu zile hazikuwa mawazo yake tu.