Barua Iliyofunguliwa Darasani

Miaka kumi na miwili Mwalimu Nzau alikuwa amefundisha ngumbaru, kisomo cha watu wazima, katika kanisa moja la Matinyani, na kwa njia ile ile: yeye husimama ubaoni, husema na kuandika, wanafunzi, wazee kwa kina mama, hunakili. Ndivyo alivyofundishwa shule ya jioni kule Makindu, alipokuwa kibarua wa reli, na cheti chake bado kinaning'inia sebuleni. Mwanafunzi aliyemtia fahari zaidi alikuwa mkewe, Mutindi. Daftari zake hazikuwa na doa.

Kisha akaja Roselyne, afisa kijana wa elimu ya watu wazima, na mtindo mpya.

"Mwalimu, leo kaa nyuma. Dakika arobaini, usiseme neno."

"Nisiseme? Kwani nimekuja matangani?"

"Mwalimu amewekwa kona!" akapaza sauti Kitheka, mchuuzi wa mbuzi, na darasa likaangua kicheko.

Madawati yaligeuzwa, watu wakakaa wanne wanne. Kila mmoja alikuwa ameagizwa kuleta kutoka nyumbani kitu chenye maandishi awasomee wenzake. Kitheka alileta pakiti ya dawa ya minyoo. Akasoma huku jasho likimtoka: "Usi-mpe... mbuzi... mwenye mimba. Haki ya Mungu! Na mimi huwapa wote!"

Zamu ya Mutindi ilipofika, alitoa kwenye kiondo bahasha ya kahawia. Nzau aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Bahasha ilikuwa bado imefungwa.

Aliituma kutoka Makindu mwaka aliokufa Kyule, mtoto wao wa kwanza. Telegramu ya msiba ilimfikia Jumatatu, asubuhi ya mtihani. Aliitia mfukoni, akafanya mtihani siku tatu. Kyule akazikwa Jumatano bila baba yake. Kwa kuwa mdomo wake usingeweza, aliyaandika yote kwenye barua, akaiposti, kisha akapanda basi. Alifika kabla ya barua, na watu walipomuuliza, akasema telegramu ilichelewa hadi Alhamisi. Baadaye akangoja Mutindi asomewe barua ile na kusema neno. Hakusema. Miaka thelathini na minane Nzau aliuhesabu ukimya huo kuwa msamaha, akampenda mkewe zaidi kwa ajili yake.

Roselyne alifungua bahasha, akaikunjua karatasi. "Haya mwaitu, mama yetu, tusomee."

Mutindi aliweka miwani sawa. "Samadi mbichi huunguza mimea," akasema kwa sauti safi. "Samadi iliyooza huipa ardhi nguvu."

Lilikuwa somo la wiki mbili nyuma, neno kwa neno, hata pale Nzau alipopumzika kumeza mate.

"Mama, mzee alikutongoza na samadi?" Kitheka akauliza.

Mutindi alicheka na wenzake, halafu akaacha. "Herufi nazijua moja moja, lakini mimi huchora," alisema polepole. "Naangalia ubao, nachora, vile huwa naweka mapambo kwa kiondo. Hakuna siku mwalimu aliniambia nisome."

"Na hii, kwa nini haikufunguliwa?" Roselyne akauliza.

"Mwenyewe alifika kabla yake. Ningetafuta wa kunisomea ya nini, na yeye yuko nyumbani?"

"Basi tuanze na hii," Roselyne alisema kwa upole. "Neno kwa neno. Na hakuna atakayekusomea."

Nzau aliinuka. Angesema hiyo ni karatasi ya nyumbani, na Mutindi angempa bila kuuliza, kama alivyonakili kila kitu bila kuuliza. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Lakini kidole cha mkewe kilikuwa tayari kwenye mstari wa kwanza. Akaurudisha mkono, akaketi kando yake kwenye benchi la wanafunzi.

"Mu... ti... ndi." Akainua uso. "Ni mimi!"

Darasa likapiga makofi.

"Te-le-gra-mu... ya... ki-fo... cha..." Neno lililofuata hakulikata vipande. "Kyule."

Hakuna aliyepiga makofi.

"I-li-ni-fi-ki-a... Ju-ma-ta-tu."

Kidole kikasimama. Akalirudia neno hilo kimya, midomo tu ikisogea. Kisha akamgeukia mumewe na kumuuliza swali, la kwanza tangu aanze darasa.

"Mwalimu, hapa imeandikwa Jumatatu?"

"Ndiyo," Nzau alijibu. "Umesoma vizuri."