Maswali ya Kumbana Wakala

Chuoni walimwita Mwenyekiti, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, maana hata foleni ya chai aliigeuza mkutano. Kikundi chake cha wanafunzi kilizunguka sokoni na stendi kikiigiza mchezo kuhusu biashara ya kusafirisha binadamu, na yeye ndiye alikuwa msichana anayeuzwa ugenini. Mchezo ukiisha, watazamaji walifundishwa maswali ya kumbana wakala wa kazi za nje. Pasipoti nitakaa nayo mwenyewe? Mzazi wangu ameshirikishwa? Naweza kuongea na mwajiri?

Ukumbi wa chuo ulikuwa kwenye ukarabati, kwa hiyo mazoezi waliyafanyia kwenye chumba cha nyuma cha fundi cherehani. Mama huyo aliwashonea mavazi bure, na hakukosa zoezi hata moja, pini zimemjaa mdomoni. Mwigizaji wa bibi tajiri, yule mwajiri wa kwenye mchezo, alipougua, fundi alishika nafasi yake, akazungumza kwa sauti laini ya puani mpaka wakavunjika mbavu.

"Mama, kipaji hiki ulikificha wapi?" Mwenyekiti alimuuliza.

Wasomi wazima hao, na hakuna aliyejiuliza kwa nini fundi wa nguo anataka sana kujua jibu gani humtia mtu shaka.

Jumamosi moja Mwenyekiti alirudi kutoka sokoni, koo limemkauka, akakuta kitanda cha mdogo wake hakina shuka. Mama yao alikuwa anaosha vyombo huku akiimba.

"Mdogo wako kapata kazi ya kulea watoto, nchi za nje. Alitaka akushtukize akishafika."

"Nani kampeleka?"

"Si fundi wenu! Usinitolee macho. Tumembana kwa maswali yenu yote, hakuna lililomshinda. Pasipoti anayo mtoto mwenyewe. Mimi nimeshirikishwa tangu mwanzo. Na mwajiri nimeongea naye kwa mdomo wangu, mama mstaarabu kweli."

Mwenyekiti aliomba namba ya huyo mwajiri, akapiga. Ilipokelewa na sauti laini ya puani.

Alikata simu. Akakaa sakafuni kwenye maji ya vyombo. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Wao ndio waliomfundisha yule mwanamke kazi.

"Mama, kimbia polisi! Usiulize, kimbia!"

Kisha akampigia mdogo wake.

"Dada! Umeshaambiwa, eh? Mama naye hana siri. Tumeshakaa kwenye ndege, mimi nimepata dirishani."

"Shuka! Fundi anauza watu. Huyo mwajiri ni yeye mwenyewe, nimemsikia sasa hivi. Mwite mhudumu, piga kelele, fanya lolote, lakini shuka! Nakuomba, mdogo wangu, nakuomba!"

Alilia mpaka maneno yakamkwama.

Upande wa pili kulikuwa na kicheko. "Jamani, dada, hapo umeua! Hata jukwaani hujawahi kulia hivi. Hebu rudia, nakuweka spika wenzangu wakusikie. Tuko wengi."

Mwenyekiti akarudia, kwa sauti yote aliyobakiwa nayo, na wasichana ndani ya ndege wakampigia makofi.