Elektroni ya Kumi na Tisa

Mara mbili alikuwa amesimama ubaoni, na mara mbili alikuwa amerudi kwenye dawati lake mikono mitupu, vumbi la chaki likiwa ndilo zawadi pekee. Ilibaki mara moja. Ijumaa mwalimu angefunga orodha ya watahiniwa wa jioni, na sheria yake haikuwa na mlango wa nyuma: asiyeweza kuchora atomi ubaoni na kuieleza, jina lake haliandikwi.

"Sipeleki watu wakaaibike," alizoea kusema. "Mtihani si bahati nasibu."

Mhudumu wa wodi alilitaka jina lake kwenye orodha ile kuliko alivyoutaka usingizi, na usingizi aliutaka kweli. Miaka ishirini na miwili alikuwa akisukuma machela. Uchovu haukuwa mgeni kwake tena. Ulikuwa mpangaji mwenye ufunguo wake, unaingia na kutoka utakavyo, na siku hizi ulikuwa hautoki. Mgongo ulimlalamikia asubuhi kabla hata hajaamka. Lakini pale hospitalini, mwisho wa ukumbi, kulikuwa na chumba cha kuchemshia vifaa, na ndani ya chumba hicho kulikuwa na kiti. Kiti! Mwenye kukikalia alikuwa anastaafu, na mganga mkuu alikuwa ameshatamka: atakayemrithi sharti awe amefaulu kemia ya kidato cha nne. Masomo mengine alikuwa ameyafaulu zamani. Kemia ndiyo iliyomkimbia ujanani, na sasa aliifukuza huku akichechemea.

Darasa lao lilianza saa kumi jioni, wanafunzi wa mchana wakishaondoka. Watu wazima kumi na mmoja walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mwalimu alikuwa kijana mfupi, mnene, asiyekaa kitini hata siku moja, na darasa lote lilimzunguka yeye. Kinyozi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, ndiye aliyembatiza Kiini.

"Ni mdogo," alisema kinyozi, "lakini uzito wote wa atomi umo ndani yake."

Mhudumu naye walimwita Mama Wodi. Kwa jina lake hasa hakuna aliyemjua.

Kilichomwangusha ni potasiamu. Siku ya Jumatatu aliichora vizuri tu: kiini katikati, mizingo ya elektroni kukizunguka. Potasiamu ina elektroni kumi na tisa. Akaweka mbili mzingo wa kwanza, nane mzingo wa pili, na zote tisa zilizobaki akazipanga mzingo wa tatu.

"Mama, nani kakwambia tisa?" aliuliza Kiini.

"Kitabu chako, Mwalimu. Kimesema mzingo wa tatu unaweza kubeba mpaka kumi na nane. Mimi nina tisa. Hazitoshi humo?"

"Ukifika nane unasimama. Ile moja inakwenda mzingo wa nne."

"Iende kukaa peke yake, na huku nafasi ipo?"

"Labda imegombana na wenzake," kinyozi alidakia, na darasa likacheka.

Kiini hakucheka. Alikuwa amefundisha tangu saa moja asubuhi, na kola ya shati lake ilikuwa imelowa. "Chukua hivyo hivyo, mama. Mbili, nane, nane, moja. Nenda kakae."

Akaenda kukaa. Lakini lile "hivyo hivyo" halikumshuka kooni.

Jioni ile nyumbani, kabla jua halijaondoka dirishani, binti yake alimpangia vifungo vya mashati juu ya sinia, kifungo kimoja elektroni moja. Binti alikuwa kidato cha tatu katika shule ile ile, kwa mwalimu yule yule.

"Mama, kariri tu. Sisi sote tumekariri."

"Nikikariri nisichokielewa kinanitoka, mwanangu. Ndivyo kilivyonitoka zile siku."

"Kwa hiyo utamwambia Kiini amekosea?"

"Nitamwambia anieleze."

"Na kama hajui?"

"Mwalimu atakosaje kujua?"

Binti alimtazama kwa huruma ile ambayo watoto huwa nayo kwa wazazi wanaowaamini watu wazima. "Haya. Tuanze tena. Mbili. Nane. Na hapa je? Mama? Mama!"

Mama alikuwa ameshainamia sinia. Binti alipomwinua kichwa, kifungo kimoja kilikuwa kimegandia shavuni. Akakibandua taratibu.

"Kumi na nane," alinong'ona. "Moja ilishakukimbilia wewe."

Alhamisi wagonjwa waliongezeka hospitalini. Wodi ya mhudumu ilikuwa ya zamani, yenye vitanda kumi na nane: vinane sakafuni, karibu na mlango, na kumi nyuma, kwenye sehemu iliyoongezwa baadaye na fundi ambaye bila shaka hakuwahi kusukuma machela, maana alijenga ngazi mbili za kupandia. Vile vinane vya chini vilikuwa vimejaa alipoletwa mzee mwenye mguu wa plasta. Mhudumu akaielekeza machela kwenye ngazi, akavuta pumzi, gurudumu likagonga jiwe.

"Unampeleka wapi?" aliuliza sista mkuu wa wodi.

"Juu, Sista. Vitanda kumi viko wazi."

"Na huo mgongo umeuazima kwa nani? Vuka ukumbi, mlaze wodi ya jirani. Kuna viwili pale pale mlangoni."

"Wodi ya jirani haina mtu hata mmoja, Sista. Na yetu haijajaa."

"Haijajaa, lakini kufika huko juu ni kazi. Mtu atapandaje kilima na tambarare ipo?"

"Nitalala peke yangu kama jini?" mzee aliuliza kutoka kwenye machela.

"Utapata mwenzio sasa hivi, baba. Watu hawaachi kuvunjika," alimjibu sista.

Na kweli, kabla ya saa sita akaletwa wa pili, naye akavushwa ukumbi akalazwa karibu na mzee. Alipoletwa wa tatu, mhudumu aligeuza machela kuelekea ng'ambo bila kuuliza. Sista akamzuia.

"Viwili vya mlangoni vimekwisha. Vinavyofuata kule viko mbali zaidi ya ngazi zetu. Huyu rudisha kwetu. Sasa ndiyo tunapanda."

Wakampandisha wakiwa watu watatu, mhudumu akishika miguuni. Waliposhamlaza, alisimama juu ya ngazi akihema, jasho likimwingia machoni, akatazama chini. Vinane vimejaa. Mmoja ng'ambo. Wa pili ng'ambo. Halafu ndipo wakarudi juu. Midomo yake ikaanza kucheza. Akaketi pale pale kwenye ngazi, jambo ambalo kwa miaka yote ile hakuwahi kulifanya saa za kazi.

"Unaumwa?" sista alishtuka.

"Hapana, Sista. Nahesabu."

Ijumaa aliingia darasani amechelewa, viatu mkononi, maana miguu ilikuwa imevimba na kuvikataa. Orodha ilikuwa wazi juu ya meza ya mwalimu.

"Mama Wodi," kinyozi alimnong'oneza, "leo ukianguka nakunyoa kipara bure."

Kiini akamnyooshea chaki. "Potasiamu."

Akachora. Mbili. Nane. Nane. Kisha mzingo wa nne, na nukta moja juu yake, peke yake kama mzee wa plasta.

"Sawa kabisa," alisema Kiini, akishika kalamu. "Umeona? Kukariri kumekubali."

Angeweza kukaa. Miguu ilimsihi akae. Lakini chaki hakuiweka chini.

"Sikukariri, Mwalimu. Nafasi zipo mzingo wa tatu, nafasi kumi, ila ziko juu ya ngazi. Kitanda cha mlangoni mzingo wa nne ni rahisi kukifikia. Ndiyo maana inakwenda huko, hata kama italala peke yake."

Kiini akaweka kalamu mezani.

"Na ya ishirini?"

"Nayo inavuka. Vitanda vya mlangoni ni viwili. Lakini ya ishirini na moja, Mwalimu, hiyo inarudi. Inapanda ngazi. Au nimekosea?"

"Mama, umeshapita!" kinyozi alimlilia. "Usimchokoze mwenye orodha!"

"Mtaala wetu unaishia ishirini," Kiini alisema polepole.

"Sikuuliza mtaala unaishia wapi. Nimeuliza elektroni inakwenda wapi."

Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi. Kiini aliitazama ile nukta moja ubaoni, kisha akafanya kitu ambacho hawakuwahi kukiona: alivuta kiti, akakaa. Alipokaa alionekana mdogo zaidi, na mchovu kama wao.

"Inarudi," alisema. "Mzingo wa tatu. Hujakosea hata kidogo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi nami niliuliza, nilipokuwa shuleni. Nikaambiwa nichukue hivyo hivyo. Nimekuwa nikiligawa hilo 'hivyo hivyo' tangu siku hiyo."

Akavuta orodha karibu, akashika kalamu. "Jina lako kamili, mama?"

Hakujibiwa. Mama Wodi alikuwa amerudi kwenye dawati lake, shavu juu ya daftari, viatu miguuni pa dawati, na pumzi zake zilikuwa zimeshakuwa ndefu. Kinyozi akamwinamia kumgusa bega.

"Mwache," alisema Kiini.

"Na jina?"

"Mstari huu ni wake. Sifungi orodha mpaka aandike kwa mkono wake." Akailaza kalamu juu ya mstari ule mtupu, asije mtu akauchukua. "Njoo wewe. Nichoree klorini."

Kinyozi akavua viatu, akaenda ubaoni kwa ncha za vidole.

"Na hiyo chaki," mwalimu alinong'ona, "isipige kelele."